Kasoro ya Kumi

Mimi sipendi watu wa kubebwa. Kwa hiyo fikirieni hasira yangu niliposikia, kwenye foleni ya chai ofisini, kwamba mume wa mdogo wangu anakula mshahara kwa mgongo wangu. "Anambeba shemeji yake," walisema. Mimi! Mimi ambaye mama yangu mzazi akija ofisini namsainisha kitabu cha wageni.

Kweli, kazi nilimtafutia mimi. Alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili anafua na kupika, na mdogo wangu akimtazama kama sufuria iliyotoboka. Tunatengeneza programu za maduka ya dawa, zile zinazomwambia muuzaji aandike dozi gani kwenye chupa. Nikamfanya mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kukamata kasoro kabla hazijamfikia mteja. Alikuwa mzito, jamani! Kila alichokijaribu alikiandika kwa kalamu kwenye daftari la shule, na pembeni akatia alama ya vema.

Ndipo mkurugenzi akaja na vipimo vyake. Mwandishi wa programu akatwe alama kwa kila kasoro itakayoonekana kwenye kazi yake. Mkaguzi apimwe kwa anazozikamata, na asiyefika asilimia tisini na tano aende zake. Lakini utajuaje amekamata ngapi, wakati hujui zilikuwepo ngapi? Mkutano mzima ukainamia meza. Mimi nikasimama.

"Ukitaka kujua kama paka anakamata," nikasema, "achia panya unaojua idadi yao."

Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, nikapanda kasoro kumi kwenye programu kwa mikono yangu, orodha nikaifungia kwenye droo. Nikamwita shemeji mbele ya watu wote, wale wa foleni wasikie vizuri.

"Zipo kumi. Una mpaka Ijumaa saa kumi. Ukizikosa, undugu tutauongelea nyumbani."

"Sawa, bosi," akasema. Kazini aliniita bosi, hilo simnyimi.

Jumatano jioni alikuwa na tisa. Nikashangaa, na sikupenda nilivyoshangaa. Tisa kwa kumi ni tisini, na tisini si tisini na tano. Alhamisi hakuinuka kula. Ijumaa macho yalikuwa mekundu, akaja mezani kwangu na daftari lake.

"Bosi, una hakika ni kumi?"

"Kwani mimi sijui kuhesabu?"

Saa kumi nikamkabidhi barua. Akaisoma, akasaini, akakunja koti lake. Niseme ukweli, nilisikia raha. Kwenye foleni ya chai hakuna tena aliyetaja kubebwa.

Jumatatu nikampa orodha mwandishi wetu wa programu, yule tunayemwita Bubu, aziondoe zile nilizozipanda kabla programu haijaenda kwa wateja. Baada ya nusu saa akarudi.

"Nimetoa tisa."

"Na ya mwisho? Ile ya mtoto chini ya mwaka mmoja kuandikiwa dozi ya mtu mzima?"

"Hiyo niliitoa Jumatatu iliyopita, saa nne hivi. Niliiona nikadhani ni yangu, nimekosea."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Niseme, nikatwe alama?"

Wiki nzima shemeji alikuwa akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nikaenda mpaka mlangoni kwa mkurugenzi, mkono ukashika kitasa. Ndani nikamsikia akimwambia mtu, "Huyu mama ni chuma. Hata shemeji yake hakumwonea haya." Nikakiachia kitasa. Maji yakimwagika hayazoleki, nikajiambia, kana kwamba ndoo haikuwa mkononi mwangu.

Nikarudi kwa Bubu. "Ukifungua mdomo, naiandika kasoro ile kwa jina lako." Hakuufungua.

Jumapili mchana walikuja kwangu, shemeji na mdogo wangu. Nikatenga chai. Nilijua watakuja kulia, na nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Mdogo wangu ndiye aliyeanza.

"Dada, sikuja kukuomba umrudishe. Huyu hali, halali. Anakaa na hilo daftari tangu asubuhi. Mwambie tu ilikuwa wapi, moyo wake utulie."

"Nioneshe tu, shemeji," akasema yeye. "Nijifunze."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni, mawili tu: haikuwepo, nisamehe. Nikayameza na chai.

"Mtoto chini ya mwaka mmoja," nikasema. "Alipewa dozi ya mtu mzima."

Akafungua daftari haraka, akalamba kidole, akafunua kurasa mpaka akafika. Akanigeuzia nione. *Mtoto, miezi sita. Dozi ya mtoto. Sawa.* Alama ya vema. Jumatano tena, vema. Ijumaa saa tisa alasiri, vema.

"Nilipapita mara tatu," akasema polepole. "Niliona iko sawa. Naapa niliona iko sawa, shemeji."

"Uliona ulichotaka kuona. Ulitia alama bila kuangalia."

Mdogo wangu akaweka kikombe chini. Miaka yote ile ya kukaa nyumbani alimtetea huyu mwanamume kwa mama, kwa mashangazi, kwangu. "Mtoto mchanga," akamwambia. "Kitu cha mtoto mchanga ndicho hukukiangalia?" Akasogea mwisho wa kochi.

Shemeji akaniomba kalamu. Nikampa ya kwangu, ile ya ofisini. Akazikata alama tatu za vema, moja moja, na pembeni ya kila moja akaandika: *kosa langu*. Kisha akanirudishia kalamu kwa mikono miwili.

"Samahani, shemeji. Nimekuaibisha."

"Yameisha," nikamwambia, nikammiminia chai nyingine.