Uji wa Kipindi cha Kwanza

Katika nyumba ile televisheni ilikuwa na chaneli moja tu, na chaneli hiyo ilikuwa na mpira wa miguu tu. Asubuhi mpira, adhuhuri mpira, magharibi watu waliovaa suti wakiujadili mpira wa adhuhuri. Mwana wa nyumba ndiye aliyelipia kifurushi hicho kabla hajaenda kazini mbali, akasema kitamfaa likizo. Likizo ikawa hadithi. Kifurushi kikabaki na wanawake wawili, mama yake na mke wake.

Mama alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka juzi. Mkono wa kulia ulilala kitandani kama wa mtu mwingine, na macho yalikuwa yameingia ukungu, hata kwenye skrini akawa haoni ila ukijani. Lakini masikio, jamani, yalikuwa ya paa.

Kilichomkera kuliko ugonjwa ni kijiko. Alikuwa amelisha watoto saba kwa mkono wake, na sasa akalishwe yeye, afutwe na kidevu? Aliubana mdomo. Mkamwana wake aligundua dawa kwa bahati tu. Mpira ukianza na mtangazaji akipandisha sauti, mama alisahau aibu, na mdomo ukafunguka wenyewe. Basi wakawekeana utaratibu bila kuambizana. Uji kipindi cha kwanza, vidonge wakati wa mapumziko, tunda lililopondwa kipindi cha pili. Mtangazaji yule mama alimwita Chiriku, maana kunyamaza hakukujua.

Kisha ligi ikaisha, na chaneli ikaanza marudio. Wiki sita za marudio.

"Hii mechi nimeshaila," mama akasema siku ya kwanza, hata uji haujakorogwa. "Wekundu wanashinda mbili moja, la pili kwa kichwa. Zima."

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu akatoa mdomoni kijiko alichokwisha kukipokea. Jumatatu nesi alipopita, alimzungushia mama utepe wa kupimia mkononi, akautazama mara mbili.

"Bibi, unapungua. Nikija Jumatatu ijayo nikakuta umepungua tena, nakupeleka wodini ukalishwe kwa mrija wa puani."

"Utanipeleka nimeshakuwa maiti."

"Maiti hatuwalishi, bibi," nesi akasema, akacheka. Lakini mlangoni hakucheka. Alimshika mkamwana mkono. "Mdogo wangu, fanya ufanyavyo. Huyu akiingia wodini kwa hali hii, sijui kama atatoka."

Mkamwana alikuwa mtu wa kunyamaza. Dukani alinunua kwa kunyoosha kidole. Alipoolewa watu waliuliza kama bibi harusi ana ulimi. Adhuhuri hiyo alisimama kati ya kitanda na televisheni, bakuli mkononi, akazima sauti, akaacha ukijani ukicheza. Akakohoa.

"Mpira... umeanza. Timu mbili zipo. Mmoja ana mpira. Sasa anao mwingine."

Kisha kutoka kitandani, "Huyu anatangaza mpira au anatangaza msiba?"

"Chiriku yuko likizo, mama."

"Ndiyo maana. Haya, huyo mwenye mpira ana jina?"

Hakuwa na jina la mtu hata mmoja. Akashika lililomjia mdomoni. "Kinyozi. Kinyozi anampa Dereva. Dereva anakata kushoto, anamwacha beki anatafuta viatu vyake..."

Mdomo wa mama ukafunguka kidogo. Kijiko kikaingia. Mkamwana akaogopa kuvuta pumzi asije akakifukuza.

Ndivyo ilivyoanza, na jambo la namna hiyo likishaanza halina pa kuachia. Mechi mbili kwa siku, ya adhuhuri na ya jioni. Kipa akawa Kobe. Beki wa kati akawa Kabati, maana hapitiki wala hahamishiki. Katikati ya uwanja alimweka mtu ambaye hakumpata jina, akamwita Namba Sita tu, naye ndiye aliyemtuma kila mahali. Mpira ukipotea, Namba Sita akauokoe. Kabati akiteleza, Namba Sita azibe.

Mama hakuwa mtazamaji rahisi. "Ngoja. Nimehesabu. Timu yako ina watu kumi na wawili. Mwamuzi amekula rushwa?"

"Mmoja ameumia, mama, anatoka."

"Nani?"

"Mshona Nguo."

"Mwongo. Mshona Nguo ndiye amepiga kona sasa hivi." Lakini alikuwa anatafuna.

Jumatatu utepe haukusogea. Jumatatu iliyofuata kipimo kikaongezeka kwa upana wa ukucha. Nesi akapiga vigelegele vidogo na kuuliza siri. Mkamwana akainama chini kwa haya, akasema ni uji tu.

Ni uji, ndiyo. Na kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asifanye vidonda, na kufua shuka, na kuanika, na kuteka maji kwa kuwa bomba lilitoka asubuhi tu, na kupondaponda, na kuchuja. Zamani Chiriku alipokuwa kazini, yeye aliketi kwenye kigoda akilisha, na dakika zile arobaini na tano zilikuwa pumziko lake. Sasa pumziko nalo limekuwa kazi. Sauti ilikauka. Alijikuta kisimani anawapangia watu kona, na usingizini Kabati anamdai kadi ya njano. Hakumlalamikia mtu. Angemlalamikia nani?

Wiki ya nne, adhuhuri ya joto, alisimama pale pale na bakuli lile lile. Alikuwa ameshafua mara mbili. Alianza kutangaza akili ikiwa haipo, na mdomo ukajiendea.

"Namba Sita anao. Anampa Dereva, Dereva hayupo. Anaufuata mwenyewe. Anapiga kona, anakimbilia ndani aipige kichwa mwenyewe. Inatoka. Anaenda kuuokota mpira mwenyewe. Namba Sita... Namba Sita hajakaa chini tangu alfajiri. Anatazama benchi. Benchi halina mtu."

Akashtuka kwa alichokisema. Akanyanyua kijiko haraka. Mdomo wa mama ulikuwa umefungwa.

"Mama. Mama, Kinyozi ameupata, anakwenda, anamwona kipa..."

"Muache Kinyozi."

"Kula basi, mama. Tafadhali. Vijiko vitatu tu. Jumatatu ni kesho kutwa."

"Siwezi kula na yule mtu amesimama." Mama aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Mtoe."

"Nani?"

"Namba Sita. Mtoe nje."

"Hakuna wa kuingia, mama."

"Nimesikia, benchi halina mtu. Basi wacheze kumi. Timu ngapi zimecheza kumi na hazikufa? Mtoe, nasema, akae."

Mkamwana alibaki ameshika kijiko hewani. Macho yakamwasha.

"Na wewe ukikaa," mama akasema taratibu zaidi, "nipe hicho kijiko. Huku. Mkono huu haujapooza, umedekezwa tu."

Mkamwana akamwekea bakuli kifuani, juu ya taulo, akamshikisha kijiko kushoto. Kisha akateremka, mgongo ukiteleza kwenye ubavu wa kitanda, mpaka akakaa sakafuni. Saruji ilikuwa na ubaridi mzuri. Mbele yake watu wadogo walikimbizana bila sauti, naye kwa mara ya kwanza akaona kwamba hakujua ni timu gani hizo.

Juu yake kijiko kiligonga bakuli, kikakosa mdomo, kikarudi. Kikakosa tena. Cha tatu kikapata, akasikia mama anameza.

"Tangaza basi," mama akasema, uji ukimjaa shavu moja. "Lakini polepole. Watu kumi hawakimbii."

"Wanapasiana nyuma, mama."

"Wacha wapasiane."

"Kobe kwa Kabati. Kabati kwa Kobe."

Kijiko kingine kikamwagika. Uji uliteremka kidevuni, ukavuka taulo, ukafika kwenye shuka lililoanuliwa muda si mrefu. Mkamwana aligeuza kichwa akaliona doa likitanuka. Hakuinuka.

"Kabati kwa Kobe," akasema.