Tangazo la Kifo cha Mke wa Gwon

"Weka kama ilivyo desturi," baba aliniambia. Akavaa viatu, akatoka hadi uani, akarudi, akavivua tena. Tangu tumzike mama alikuwa hatulii, na kutotulia kwake kulinichosha kuliko kilio.

Nilikuwa mbele ya sanduku la herufi za risasi za kupigia chapa, nikipanga tangazo la kifo cha mama. Gazeti letu la kila mwezi, pale mjini Andong, lilikuwa na desturi yake: mwanamume hutajwa kwa jina, mwanamke kwa mumewe na ukoo wa kwao. Mke wa Gwon, binti wa ukoo wa Im. Basi. Baba alilianzisha gazeti hilo mara baada ya vita, vijana walipoanza kuyacheka matambiko ya mababu, na tangu hapo alipigana na kila jambo jipya: nywele fupi, ndoa za kujichagulia, wanawake kurithi. Wazee wa koo walilipenda mno. Mama ndiye aliyekunja nakala zao zote na kuandika anwani, mpaka vidole vikapinda.

"Nataka kuweka jina lake," nilisema.

"Umeanza."

"Baba, wasomaji watajuaje nani amekufa?"

"Wanamjua."

"Wanakujua wewe! Yeye wanajua chai yake tu."

Alinikodolea macho. Nilidhani atanizaba kibao, mtu mzima mimi, mwenye watoto.

"Unataka wazee wanitupie gazeti usoni? Hawa wakijitoa, limekufa."

"Na life."

Niliyaogopa maneno yangu mwenyewe. Gazeti lile ndilo lililokuwa pumzi yake. Aliizunguka mashine, akafungua dirisha, akalifunga. Kisha akanisukuma kando, akaanza kuchomoa herufi sandukuni mwenyewe, moja moja.

Wazee walilirudisha gazeti kweli, kifurushi baada ya kifurushi, na baridi ilipoingia tulikuwa tumeshauza mashine. Wengine hawakutusalimia tena sokoni. Lakini ninachokumbuka zaidi ni nakala ile ya kwanza, wino haujakauka. Baba, ambaye maisha yote alimwita mkewe Mama Suk-hui, kwa jina langu, aliisogeza karibu na macho.

"Im Ok-bun," alisoma.

Kisha akageukia jikoni, ng'ambo ya ua, akapaza sauti kidogo.

"Ok-bun?"

Tukasubiri, sote wawili.