Saa Nzima kwa Fundi Viatu

"Kisigino kimoja, saa nzima! Kwani anakigonga au anakizaa?"

"Nilikuwa naongea naye."

"Unaongea naye nini ambacho huwezi kuongea na mimi mumeo?"

"Wewe? Wewe umenisikiliza lini?"

Hapo ndipo palipomchoma. Yeye, asisikilize? Fundi pikipiki mzima, mtaa wote unamwita Masikio! Pikipiki ikikata kona tu, keshajua kama mnyororo umelegea au vali zinagonga. Mteja akifungua mdomo kueleza, anamkata: "Zima, nishajua." Na kweli huwa anajua. Nyumbani hivyo hivyo. Mkewe akianza, "Leo kazini...", yeye keshamaliza: "Mwambie bosi wako akome." Kesi imefungwa, lete chakula.

Asubuhi hakufungua gereji. Wivu ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaenda moja kwa moja kwa fundi viatu. Kajitu kafupi, kipara kinakanyemelea, vidole vimeganda gundi. Huyu? Yaani huyu ndiye?

"We bwana, mke wangu unampa nini?"

Hakujibiwa. Fundi viatu alikuwa amebana misumari midogo midomoni, kama saba hivi, anachomoa mmoja mmoja na kuugonga kwenye soli. Akamwonyesha kigoda kwa nyundo.

Masikio hakukaa. Akatukana. Ko, ko, nyundo. Akatishia. Jamaa akamtazama machoni, akaitikia kwa kichwa, kama anasema endelea. Basi maneno yakaanza kumtoka yenyewe: kwamba siku hizi mkewe anacheka nje, akifika nyumbani ananuna, kwamba yeye anaogopa ataachwa. Alipokuja kushtuka, amekaa kwenye kigoda na kiatu kimekwisha.

Fundi akatema misumari kiganjani.

"Ningekuwa na mdomo mtupu, kaka, ningekukatiza zamani. Mimi mwenyewe mbishi balaa."

"Huwa anakwambia nini?"

"Hayo ni yake. Kamuulize. Ila muulize leo, kesho utakuwa umechelewa."

Nitachelewa nini? Akarudi nyumbani mbio mbio. Mkewe alikuwa anafunga vifungo vya sare yake ya duka la dawa.

"Kaa kidogo, mke wangu. Sema unachotaka kusema. Leo nasikiliza."

"Usinitanie."

"Sikutanii."

Akamkagua usoni, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wanataka kunihamishia tawi la mbali. Mbali kweli, siyo la kwenda na kurudi. Kesho nawapa jibu."

Masikio akang'ata ulimi.

"Mimi sitaki kwenda," mkewe akasema, sauti imeshuka. "Nilitaka tu nisikie kwako kwamba..."

Kumbe! Kajitu kale kalijua yote haya. Yeye mwenye mke alikuwa anajua nini? Minyororo na vali. Akilini akamwona mkewe juu ya kile kigoda, anasema hivi hivi, kwa sauti hii hii, na yule anaitikia kwa kichwa.

"Yeye ulimwambia lini?"

"Nani?"

"Fundi viatu! Ulimwambia lini? Jana? Wiki iliyopita? Kabla yangu mimi?"

Mkewe alibaki mdomo wazi, lile 'kwamba' lake bado limemkalia ulimini. Akaufunga. Akachukua mkoba wake, akageuka, akaenda zake.