Funda la Kwanza la Mama Libérata

Athanase alirudi Burungu kutoka migodi ya Walikale na vitu viwili: kofia ngumu na neno "komite". Kofia ilisombwa na mvua za mwaka uleule. Komite ikatukaa shingoni.

Kabla yake tulikuwa wanawake wachache tu, na kazi ilikwenda. Mama Libérata, mjane, alikuwa na migomba. Sisi tulikuwa na migongo. Yeye alikamua ndizi na kutengeneza kasiksi, sisi tukabeba mitungi hadi soko la ng'ombe la Kitshanga, tukauza, tukagawana, tukarudi tukiimba. Mimi Sidonie nampenda yule mama, lakini sitasema uongo: kasiksi yake ilikuwa pombe ya ndizi kama ya watu wengine. Hata hivyo wauza ng'ombe waliipita mitungi yote wakaja kuketi kwetu. Chema chajiuza, tulisema, na hatukujiuliza zaidi.

Ndipo kapita, msimamizi wa soko, akatangaza kwamba chini ya hangari, lile banda jipya la mabati, atakaa muuza pombe mmoja tu. Atamchagua siku ya soko kabla ya Noeli, na atapendelea sosiete, yaani chama chenye komite na wateja. Ng'ambo ya soko Mama Généreuse, mwenye pombe kali kama siki, naye aliitaka hangari. Généreuse alikuwa na mume na ng'ombe. Libérata alikuwa na migomba tu, na shemeji yake alikuwa ameshaanza kulipima shamba kwa macho. Tukikosa hangari, nani angekuja kunywa kwenye matope ya masika? Ndizi zingeoza, na shamba lingefuata.

Kwa hiyo tulimpokea Athanase. Akawa prezida, binamu yake Nestor akawa makamu, Gustave akawa sekretere. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumenya ndizi, lakini wote walipata viti. Mimi niliitwa konseye, yaani mshauri, nikapewa nafasi chini, karibu na mbuzi.

Kikao cha kwanza kilikuwa juu ya hasara. Waliijadili hasara mpaka mtungi mzima ukaisha. Athanase peke yake hakunywa. Alikuwa ameacha pombe kule mgodini, kwa heshima ya cheo.

"Mama Libérata," alisema, "kila mutungi unafungua, unakunywa funda ya kwanza. Ile njo hasara yenyewe. Kule Walikale, muntu akibeba hata kajiwe kamoja, banamufukuza."

"Papa Prezida, ile iko desturi. Mwenye kutengeneza anaonja mbele ya mugeni."

"Desturi haiingie mu benefisi, hailete faida. Tangu leo, muuzaji hapana kuonja."

"Hasara iko mubaya sana," alisema Nestor, akafuta povu mdomoni na kuurudia mrija.

Kwetu mtu akifa ghafla, swali la kwanza ni nani alimpa kinywaji. Mwenye mtungi ndiye anayejua alichotia ndani, basi yeye huanza. Nilinyoosha mkono. Wakaniambia konseye mwanamke husema wa mwisho, kisha wakafunga kikao kabla ya mwisho kufika.

Siku ile ya kuchaguliwa ilifika. Sebarenzi, muuza ng'ombe mwenye tumbo na marafiki wengi, aliketi mahali pake, akashika mrija, akangoja. Libérata alitazama chini.

"Mama, hauonje?"

"Prezida alikataza."

"Alikukataza pombe yako mwenyewe?" Sebarenzi aliuachia mrija kana kwamba umemng'ata. "Basi na miye najikataza."

Aliondoka, na marafiki zake wote nyuma yake. Kule ng'ambo Généreuse alikuwa akionja kila mtungi kwa bidii hata macho yamekuwa mekundu. Wakanywa siki yake kwa amani. Kapita alisimama katikati ya soko, akitazama huku na kule, na kwetu hapakuwa na cha kutazama.

Athanase alipanda juu ya kiti chake. "Pombe iko safi! Muone, miye mwenyewe naonja!"

Akanywa kibuyu kizima, juani, mtu ambaye hakuwa amegusa pombe kwa miaka na hakuwa amekula tangu jana kwa ajili ya kuandaa hotuba. Hotuba aliianza vizuri. Alipofika kwenye "benefisi" akacheka, akaikumbatia nguzo ya hangari iliyokuwa karibu, akateremka nayo polepole mpaka chini.

Watu wakasogea kutazama.

"Bamemupa sumu!" mtu akapiga kelele.

Wamama wakafunga vikapu. Nilitaka kulia, na nadhani nililia. Libérata hakulia. Alimwendea Nestor.

"Prezida ameanguka. Sasa mukubwa njo nani?"

"Miye, makamu."

"Kunywa basi, bakuone."

Nestor alishika tumbo. "Leo tumbo inaniuma, mama."

Gustave naye alikuwa na tumbo.

"Komite nzima inaogopa mutungi yangu? Basi mutoke ku viti."

Wakatoka. Libérata akaketi kwenye kiti cha prezida, akaubana mtungi katikati ya magoti, akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Papa Sebarenzi! Miye njo nilikamua hii. Miye njo nakunywa!"

Akavuta funda refu, akameza, akamkazia macho. Papo hapo Athanase akakoroma, mkoromo wa kutikisa mabati.

Sebarenzi alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Muntu wa sumu hakorome hivi!" Akavuka soko, na marafiki zake wote nyuma yake.

Kapita alipokuja kuuliza prezida wa sosiete hii ni nani, Libérata alikuwa anaonja mtungi mwingine. Akainua mkono tu. Hangari ikawa yetu.

Jioni Athanase aliamka, kichwa kikimpasuka, akaomba kitu cha kulowesha koo. Libérata alimchotea kibuyu kidogo. Alikipokea, akakipeleka mdomoni, akasita.

"Unangojea nini, Papa Athanase?"

Akamrudishia kibuyu kwa mikono miwili.

"Onja kwanza, mama."