Nyota Moja Yenye Sodiamu

Leila Uwineza alikuwa na neno moja tu la kutetea Ijumaa ile, nalo ni "hakuna". Shahada yake nzima ya uzamili ilikuwa imeishia kwenye neno hilo, na profesa mmoja wa Cape Town alikuwa amesema wazi kwamba likisimama imara kwenye semina, atamchukua kwa udaktari.

Jambo lenyewe ukilisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni porojo. Mbali sana huko juu kuna makundi ya nyota zilizobanana mithili ya mpira, vikongwe vitupu, zilizozaliwa kabla jua letu halijafikiriwa. Zamani wataalamu waliamini kwamba nyota za kundi moja zimepikwa chungu kimoja. Kumbe sivyo: nyingine zina sodiamu nyingi na oksijeni kidogo, nyingine kinyume chake. Nyota ya makundi hayo ikizeeka huvimba ikawa jitu jekundu, kisha hunywea, kisha huvimba mara ya pili kabla ya kuzimika. Leila alichunguza mwanga wa kundi moja, akazikuta zile za sodiamu tele kwenye uvimbe wa kwanza. Kwenye uvimbe wa pili, hakuna. Zilikuwa zimekatiza njia, zikaenda kuzimika bila kuaga. Kila alipowaza hilo mwili ulimsisimka. Binti wa fundi cherehani wa Nyamirambo, ameketi ofisini Kicukiro na kikombe cha chai, anajua jinsi vikongwe vya mbinguni vinavyokufa!

Basi Alhamisi mchana ikajitokeza moja.

Alikuwa akipitia faili za mwisho alizopewa na msimamizi wake, Daktari Mukarugwiza, za darubini iliyoko Chile. Nyota ile ilikuwa kwenye uvimbe wa pili, na alama ya sodiamu kwenye mwanga wake ilikuwa nzito, haina hata aibu. Akapima upya. Akapima na kasi yake, akiomba iwe mpita njia asiye wa kundi lile. Kasi ikalingana na ya wenzake.

Keith, mwanafunzi mwenzake aliyegawana naye ofisi, kijana aliyekulia Kampala na mwenye jibu la kila kitu, akaja kuchungulia.

"Leila, sha, toa hiyo kitu. Iko moja tu. Mashine pia inakosea."

"Nimeangalia. Mashine haiko na kosa."

"Nani atajua? Unataka Cape Town ama hutaki?"

Alitaka. Alitaka mpaka inamuuma. Aliweka mshale juu ya faili ile akauacha hapo kitambo, Keith kamsimamia kichwani. Kisha akainuka akaenda kunawa uso. Aliporudi alibadilisha ukurasa wa mwisho wa semina yake. Mahali pa "hakuna" akaandika: "Ipo moja, na sijui kwa nini."

"Umejimaliza," Keith akasema, na kwa kweli alimhurumia.

Ijumaa chumba kilijaa, profesa wa Cape Town akiwa kwenye skrini. Mukarugwiza alikaa mbele kabisa, amefumbata mikono. Alikuwa mama mnene wa mwili na mchache wa maneno, aliyekulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, akarudi nyumbani na Kiswahili kilichonyooka, na wanafunzi walimwogopa sawasawa na walivyompenda. Leila alieleza vizuri. Alipofika kwenye nyota ile hakuficha wala kupamba.

"Una hakika ni ya kundi?" Mukarugwiza akauliza.

"Yego, Mwarimu. Kasi inalingana."

"Na sodiamu ni ya kweli?"

"Nimepima, nimerudia. Iko pale. Sina namna ya kuitoa."

"Hata kama inakuharibia?"

"Imeshaniharibia."

Mukarugwiza akasimama, akaigeukia skrini. "Profesa, nyota hiyo ni yangu. Niliitengeneza kwa kompyuta nikaichanganya na za kweli kabla sijampa faili. Ndivyo nilivyofunzwa mimi. Mtu hasemi kitu hakipo mpaka tujue kwamba kingekuwepo angekiona. Nilificha moja, ameiona. Akisema nyingine hazipo, namwamini."

Makofi yalilipuka. Leila alisimama palepale machozi yakimtoka, hasira na furaha zikigombania uso mmoja.

"Mwarimu, ulitaka kuniua!"

"Pole, mwanangu. Ningekwambia mapema lingekuwa igizo. Rudisha hilo 'hakuna' lako."

"Na kama ningeifuta?"

"Ungetafuta msimamizi mwingine."

Alilisema hilo bila ukali wowote, na Leila akaona kwamba hajawahi kumheshimu mtu kiasi kile. Kwenye skrini profesa alikuwa anacheka, akiuliza binti huyu anaweza kuanza lini.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai, Keith hakuinuka. Yeye naye alikuwa na kundi lake la nyota na faili zilizotoka kwa msimamizi huyohuyo, na mwezi uliopita alikuwa amefuta nyota iliyokuwa inamvurugia mchoro, akalala usingizi mzuri. Sasa jasho lilimtoka.

"Mwarimu," akaita taratibu, "na kwenye zangu, uliweka?"

Mukarugwiza alikuwa anafunga mkoba wake. Akainua macho, akamtazama vizuri.

"Kwani hukuiona?"