Mtani Asiyejibu

Mwenye binti anayejiandaa kwenda Asia kufundisha Kiingereza, asome hapa kabla hajamfungia mtoto begi. Mimi la kwangu nilikuwa nimeshalifunga. Nilitia hadi unga wa muhogo, maana huko niliambiwa ni wali asubuhi, mchana na jioni.

Binti yangu ni Firdausi. Alimaliza chuo cha ualimu, akakaa hapa Kisarawe akingoja ajira mpaka akachoka kuulizwa na majirani. Rafiki yake wa chuoni, Stellamaris, ndiye aliyetangulia Thailand. Wakala aliyempeleka akaanza kuongea na Firdausi kwa simu. Sura ya huyo wakala hatukuwahi kuiona. Alisema nafasi ipo, viza anashughulikia yeye, ila kwanza mtoto ajirekodi.

Basi akawa anajirekodi uani, kamba ya nguo nimeiondolea nguo zote ili nyuma paonekane pasafi. Ageuke kulia, ageuke kushoto. Acheke. Ahuzunike. Siku moja namsikia anasema, "Shikamoo mama. Nimefika salama. Huku ni pazuri." Anarudia hayo hayo, mara kwa furaha, mara kama mtu aliyechoka.

"We Firdausi, unamwamkia nani huko?"

"Narekodi, mama. Wanapima matamshi."

"Matamshi ya Kiingereza yanapimwa kwa shikamoo?"

"Mama naye! Mambo ya kompyuta hayo, utayaweza?" Akacheka, nami nikacheka.

Safari ilipokaribia tukaenda Kibaha kumuaga mama yake Stellamaris. Anaitwa Laurensia, anauza vitenge eneo la Kwa Mathias. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Asiyejua utani wetu nimweleze: Mzaramo akimtukana Mnyamwezi, Mnyamwezi hanuni. Anarudisha, tena kwa nyongeza. Na Stellamaris alikuwa kiboko. Mume wangu Mzee Maulidi alipofariki, binti huyo aliingia matangani kavaa koti la marehemu na kofia yake, anakohoa kama yeye, anadai chai yenye sukari nyingi. Watu waliokuwa wanalia wakashika mbavu, kila mmoja anamrushia neno. Aliyekaa kimya siku ile ni mmoja tu, naye tulikuwa tumeshamzika.

Ilikuwa Jumapili, siku ambayo Stellamaris humpigia mama yake simu ya picha. Tumemaliza kula, ikaita. Uso ukajaa kwenye kioo, umenawiri, nyuma pazia jeupe.

"Shikamoo mama. Huku ni pazuri."

Laurensia akaniwekea simu mkononi. Nikaanza zangu.

"We Mnyamwezi! Huko nako wamekutwisha mizigo, au wameona huna shingo?"

"Nashukuru mama. Nafundisha watoto wazuri."

Nikadhani hajasikia. Nikaisogeza simu karibu na mdomo. "Babu yako nilimnunua kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga! Rudi nikuuze nipate pilipili!"

Uso ukatabasamu. Ukageuka kulia kidogo, ukageuka kushoto.

"Nashukuru mama. Huku ni pazuri."

Nikamtazama Laurensia.

"Mtandao huo, shoga yangu," Laurensia akasema, akaichukua simu yake. "Wa huko unachelewa." Akafuta kioo kwa pindo la kanga, taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi. Hapo ndipo nikaona jambo jingine. Laurensia naye ni Mnyamwezi. Nimemtukania ukoo mbele yake, naye hakunijibu.

Tulipokaribia nyumbani, Firdausi akanishika mkono.

"Mama, vile alivyogeuka. Ndivyo nilivyoambiwa nigeuke mimi."

Akamwandikia wakala kwamba haendi tena. Nilitegemea atabembeleza, au atatisha. Alijibu pale pale: *Sawa dada. Tulichohitaji tumeshapata.*

Siku ya safari ikaja, ikapita. Kesho yake Firdausi yuko uani anatwanga kisamvu, mimi niko ndani, mchi nausikia. Simu yangu ikaita, namba ndefu nisiyoijua.

"Shikamoo mama. Nimefika salama. Huku ni pazuri."

Ni yeye. Kovu la utotoni juu ya jicho, jino lake lililopanda, sauti niliyoizaa. Nyuma pazia jeupe. Na mimi, Mungu anisamehe, akili haijafika mdomo ulishasema, "Marahaba, mwanangu."

Mchi ukanyamaza.

"Mama, unaongea na nani?"

Akaja akasimama nyuma yangu, wakatazamana. Yule wa kwenye simu akatabasamu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwenyewe hakupanda ndege.

Jumapili tukarudi Kwa Mathias. Firdausi alimsimulia Laurensia kila kitu, mwenyewe, kwa mdomo wake. Laurensia alisikiliza huku anakunja vitenge vilivyokwishakunjwa. Nilidhani atatufukuza. Tukamwambia twende polisi, tupeleke na zile namba.

Simu yake ikaanza kuita mezani. Hakuigusa. Ikakatika, ikaita tena.

"Uso ni wake," akasema. "Nilijiambia uso ukiwepo, mengine yatarudi."

Akaivuta kanga yake, akajifunika kichwa. Kisha akaisukuma ile simu mpaka kwenye vidole vyangu.

"Ipokee wewe, Mzaramo. Msiba hushikwa na mtani."