Vumilia Yuko Chumbani

...na huyu Onesmo naye, mikono ameshaikinga juu ya beseni, si anawe tu ale, ugali unapoa, anauliza tena, "Mama Amosi, ng'ombe ndio wale tu wa zizini?" na mimi hapa nimepiga magoti na jagi langu, nimefumba mdomo kama mtu anayeumwa jino, maana nikitamka neno moja, moja tu, yule mpumbavu ataitikia huko chumbani, ndivyo alivyo, sauti yangu hata aisikie kutoka kisimani lazima alie, na hapo wakwe hawa wote waliotoka Didia alfajiri watajua kwamba mjane wa Stanslaus ameficha mtamba kitandani... si kitandani, jamani, kando ya kitanda, nimemfunga kwenye mguu wa kabati, nimemwekea majani ya viazi, na bado najua anatafuna shuka langu, tena lile la Pasaka, Mungu nipe subira, tangu asubuhi naongea kwa macho, shikamoo za watu nimezijibu kwa kuinamisha kichwa, wao wameona ni adabu, shemeji yangu Sostenes ndiye anayefurahi kuliko wote, hajaniona kimya hivi tangu niolewe, "Ndio hao tu, wakwe," anadakia, yeye nilimdanganya wiki iliyopita kwamba mtamba nimempeleka kwa dada yangu Asteria, Ngokolo, mjini, na akaamini, ng'ombe akafanye nini mjini, auze vocha? Lakini ningefanyaje, mahari ya mwanangu imebaki ng'ombe mmoja, na huyo wa mwisho hatutoi sisi, anachagua mgeni mwenyewe, akishamgusa kwa fimbo amekwenda, kumnyima ni kuvunja ndoa, na Vumilia angekuwa zizini asingengoja kuchaguliwa, angekuja mwenyewe kulamba mikono ya watu, hajui kama yeye ni ng'ombe, na nani kamfundisha, si mimi, mama yake alitumbukia kwenye duara, shimo waliloacha wachimbaji nyuma ya shamba la pamba wakakimbilia dhahabu kwingine, hata matawi hawakufunika, tukamvuta kwa kamba ameshakufa, na ndama ana siku mbili, Sostenes akasema huyo hafiki Jumapili, mtupieni mbwa, mbwa wewe, nilisema moyoni, mdomoni nikasema sawa shemeji... nikaenda Kharumwa kununua chupa ya mtoto, muuza duka akaniuliza, "Mayu, mama yangu, umejifungua?" mwanamke wa miaka hamsini na mbili, upuuzi mtupu, maziwa ya mbuzi mara nne kwa siku, jikoni kando ya mafiga, na nilipolazwa na malaria alikataa chupa siku mbili nzima, mpaka Amosi alipovaa kitenge changu na kujitanda kichwani ndipo akanyonya, huyuhuyu Amosi aliyekaa pale na koti la kuazima, ananitazama, kwa nini ananitazama hivyo?

"Limi alitusimulia," Onesmo anasema, yeye ni baba mdogo wa Limi, bibi harusi, hajambo kwa maneno, "kuna mtamba mweupe anamfuata mama mpaka kwenye sala za jumuiya, tulitamani sana kumwona," ahaa, Amosi! mtoto una mdomo wewe, umekwenda kumsimulia mchumba habari za Vumilia ili acheke, na sasa unaangalia viatu, ningekuwa na mkono wa tatu ningekufinya, ng'ombe wengine wote wa mahari yako wametoka hapa mbele yangu, sikusema neno, sikununa, nimepika, nimepiga magoti, huyu mmoja tu... na Sostenes anacheka, "Yuko Ngokolo huyo, angekuwepo mngempata bila maneno, mtamba wa ukoo, mwanamke ana ng'ombe gani, bwana, yeye kazi yake kulisha tu," wanacheka wote, hata Amosi, kidogo, kicheko cha adabu, ila amecheka, nimemwona. Kulisha tu. Kulisha tu! Usiku ule wa mvua nilipolala naye jikoni nimemfunika gunia, akitetemeka mimi natetemeka, ulikuwa wapi wewe Sostenes, mbona hukuja kulisha tu? Na mimi bwege nimemficha kama niliyemwiba, nimejifunga mdomo nyumbani kwangu mwenyewe, eti nikinyamaza nimemponya, nimemponya wapi, nikisema hayupo nimekubali kwamba ni wa ukoo, kesho atakuja mkwe mwingine, au huyu shemeji atampeleka mnadani, nami nitaficha hata lini, kabati lenyewe bovu. Sioni haya tena, naona hasira tu, afadhali. Amosi, unisamehe mwanangu, Limi ni binti mzuri nami nampenda, zizini bado kuna yule mwekundu na yule wa mabaka, wachague, na wakisusa wakapanda pikipiki zao nitakwenda kwao kwa miguu kuwaomba radhi, lakini kudanganya hapana. "Mayu?" Onesmo ananiita, bado amekinga mikono, sijammiminia hata tone, anadhani sikusikia, nimesikia baba, nimesikia vizuri sana, ngoja nivute pumzi, yupo, yuko chumbani kwangu, anaitwa Vumilia, ni wangu mimi Scolastika na hatoki, hivyo tu, na wala sitanong'ona.